Alipoanza Kupumulia Shingoni

Mume wa dada yangu mkubwa watu walimwita Honi, na aliyempa jina hilo hakukosea. Alikuwa nyapara wa ujenzi. Akisimama chini kwenye kokoto, mashine ya zege inanguruma ubavuni mwake, aliweza kumwambia fundi aliye juu kabisa ya jukwaa kwamba tofali lake limepinda. Fundi alisikia, na mwenye duka ng'ambo ya barabara alisikia pia, akatoka nje kulitafuta hilo tofali kwa macho. Nyumbani hakujua kupunguza. Akiomba chumvi mezani ungedhani nyumba inaungua. Dada alikuwa akimwambia, "Baba watoto, mimi niko hapa, siko ghorofani," naye anajibu, "Si nimenong'ona!" kwa sauti ile ile.

Mimi niliishi nao. Nilikuwa nimefiwa na mume, na watoto wao walishaoa na kuolewa wakahamia miji mingine, basi chumba cha mbele kilikuwa kinakaa bure. Dada akaniambia niache kulipia upweke, nihamie. Nikaweka cherehani yangu dirishani, nikawa nashona sare za shule na kupunguza suruali za watu walionunua bila kujipima. Honi akirudi kazini ananiamkia kwa utani wa shemeji: "Mke mdogo, umenishonea nini leo?" Nami namjibu kwamba nimemshonea kiraka cha mdomo.

Utani huo ulikuja kuniuma baadaye, ingawa yeye hakuukumbuka.

Sauti ilianza kukwaruza kidogo kidogo. Tukasema ni vumbi la saruji. Tukasema ni mafua. Akanywa tangawizi, akalamba asali, akasukutua, akaapa kuacha sigara, akaacha, akarudia, akaacha tena. Sauti ikazidi kuharibika mpaka ikawa kama mtu anayeburuta bati sakafuni. Dada ndiye aliyemkamata mkono akampeleka hospitali. Wakampitishia kamera ndogo kooni, wakakata kipande cha kupima, na majibu yalipotoka daktari akawaita wote wawili, akawaambia bila kuzunguka mbuyu. Kuna saratani kwenye kisanduku cha sauti, na imekaa pabaya. Njia ya uhakika ni kukitoa kisanduku chote. Ataishi, lakini hewa haitapita tena puani wala mdomoni. "Tutamfungulia njia hapa," daktari akasema, akagusa kishimo cha shingo yake mwenyewe, pale juu ya kola.

"Na sauti?" dada akauliza.

"Sauti inaondoka na kisanduku, mama."

Honi naye hakuzunguka. Akasema, kwa lile bati lake, "Ufa ukiwa kwenye msingi hupaki rangi. Kateni."

Asubuhi ya upasuaji wahudumu walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, dada akitembea pembeni amemshika mkono. Alikuwa anasubiri neno. Ukijua kwamba mumeo hatasema tena, unasubiri neno utakalokaa nalo. Walipofika kwenye mlango wa chumba cha upasuaji Honi akainua kichwa, akauangalia mlango juu mpaka chini, akasema, "Bawaba ya juu imelegea. Utawaangukia huu." Wakaingia naye. Nilipomfikia dada pale kwenye benchi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Miaka yote ya ndoa," akaniambia, "naagwa kwa bawaba!"

Upasuaji ulienda vizuri. Alikaa wodini, akawa analishwa kwa mpira wa puani mpaka koo lilipopona, akaanza uji, akaanza chakula laini. Dada alikuwa akienda kila siku, lakini nilikuja kugundua kwamba katika siku zote hizo hakuwa ameitazama shingo. Alizungumza na macho ya mumewe, na mikono yake, na shuka lake. Wauguzi ndio waliokuwa wakishughulika na tundu.

Siku ya kuruhusiwa nilikwenda kubeba begi la nguo. Hivyo ndivyo nilivyodhani, kwamba kazi yangu ni begi. Tulimkuta muuguzi wa wodi, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye kila mtu alimwita Sista. Alikuwa ameweka viti vinne kuzunguka kitanda, kioo kidogo cha mkononi, bakuli la maji safi, vitambaa, na chupa ndogo ya maji ya chumvi ya hospitali. Mimi nikachukua begi nikaelekea mlangoni.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Nawasubiri nje, Sista."

"Unalala nyumba moja naye?"

"Ndiyo, ni shemeji yangu."

"Basi kaa. Anayelala naye nyumba moja lazima ajue. Mke wake ataenda sokoni, ataenda msibani, ataoga. Pumzi haimsubiri mtu aoge."

Nikakaa. Sista akamvua Honi kitambaa cha shingoni, na hapo ndipo nilipoliona. Lilikuwa tundu duara, ukubwa wa kifungo cha koti, ngozi yake ya pembeni bado nyekundu. Dada akageuza uso dirishani. Sista hakumkaripia. Alimwambia tu, "Mama, lete kiganja."

Dada akanyoosha mkono huku bado anatazama dirisha. Sista akaushika, akauweka mbele ya shingo ya Honi, karibu bila kugusa. Nikamwona dada anafumba macho. Nikamwona bega lake linashuka. Kisha akageuka polepole, akaitazama shingo ya mumewe, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyebisha hodi nyumba ngeni akafunguliwa na ndugu yake.

"Ni ya moto," akasema. "Ni pumzi yake. Ile ile inayonipiga kisogoni nikilala."

"Ile ile," Sista akasema. "Imebadilisha mlango tu. Mapafu ni yale yale, moyo ule ule. Mkiiogopa hii shingo mtamwogopa mtu mwenyewe."

Akanifanya na mimi niweke mkono. Siwezi kuisimulia sawasawa. Tangu nizaliwe nimezungukwa na watu wanaopumua, na sikuwahi kufikiria hata mara moja. Pale, hewa ikiingia na kutoka kwenye uwazi ule, ikigusa katikati ya kiganja changu kisha ikivutwa, nikajiuliza ni nani anayemkumbusha. Analala, anakula, anakasirika, na kitu kile kinaendelea tu. Mwili umekatwa njia iliyotumika tangu siku alipolia mara ya kwanza, na ukakubali nyingine bila ugomvi.

Halafu Sista akaanza kutufundisha, na hakuwa na haraka. Pua ilikuwa inachuja vumbi, inaipasha hewa joto, inaipa unyevu. Sasa hewa inaingia moja kwa moja, kwa hiyo kitambaa chepesi cha pamba kikae mbele ya tundu muda wote, na hewa ya chumbani isiwe kavu. Ute utatoka; asiuonee aibu, autoe kwa kukohoa akiwa ameinama mbele. Asubuhi na jioni tusafishe pembeni kwa kitambaa laini kilicholowa. Tusitumie pamba ya kuchambuka wala karatasi inayochanika, maana nyuzi zitavutwa ndani. Ute ukiwa mzito, matone machache ya yale maji ya chumvi, kisha akohoe. Wakati wa kuoga maji yaishie kifuani. Kuogelea, basi. Kunyanyua vizito itakuwa shida kwa sababu mtu hubana pumzi kooni, na yeye hana tena pa kuibana.

Tulipokuwa tunatikisa vichwa kama wanafunzi wazuri, akaegemea kiti. "Sasa ninyi ndio masista, mimi ndiye mke wa mgonjwa. Nifundisheni."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Dada akanawa mikono, akashika kioo, akaanza, akasahau, akarudia. Honi mwenyewe akasafisha mbele ya kioo, polepole, kama fundi anayepiga lipu. Sista akauliza lini tutarudi mbio bila kusubiri miadi. Dada akajibu: damu mbichi, homa, uvimbe shingoni, maji ya kunywa yakivuja kwenye kidonda, tundu likianza kuwa jembamba, au pumzi ikianza kupiga filimbi.

Sista akanigeukia. "Wewe. Umemkuta ameanguka, hapumui. Unampuliziaje?"

"Mdomoni," nikasema upesi.

"Umemzika," akasema kwa upole. "Mdomo haufiki tena kwenye mapafu. Ungepuliza mpaka kesho. Ni wapi?"

"Shingoni."

"Sema tena."

"Shingoni, Sista."

Honi akanitazama akanikonyeza. Ndipo tukaruhusiwa kwenda.

Nyumbani tulianza maisha ambayo hakuna aliyeyazoea. Sufuria pana la maji lilikaa chumbani kwake ili hewa isikauke. Vitambaa vya shingo nilimshonea mimi, vya pamba nyepesi, vyenye kamba ya nyuma, nikamchagulia rangi za heshima. Honi alikaa barazani na penseli yake bapa ya ufundi, akiandika maneno kwenye vipande vya plaiwudi. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa. Hata kuandika alikuwa anapiga kelele.

Kulikuwa na mambo Sista alitutajia ambayo hatukuyaelewa mpaka tulipoyaona. Maziwa yaliungua jikoni, harufu ikajaa nyumba, naye ameketi hatua mbili kutoka hapo hana habari, maana hewa haipiti tena puani na harufu haimfikii. Alichukua kikombe cha chai ya moto, akakunja midomo kukipuliza, na chai haikutikisika. Akakiweka chini, akangoja ipoe. Siku nyingine akafungua droo akatoa filimbi yake ya kazini. Nikamwona anaiweka mdomoni. Mashavu yalijaa, filimbi haikulia. Akaitoa, akaitazama, akairudisha droo, akaenda kulala mchana kweupe.

Nilimwona pia akicheka. Jirani alikuwa ameteleza kwenye matope na ndoo mbili, na Honi akacheka, mabega yakiruka, machozi yakimtoka, bila mlio wowote isipokuwa hewa inayoruka shingoni, fu, fu, fu. Tulimtazama sisi wawili, kisha tukaanza kucheka kwa sababu yake. Dada akasema, "Kumbe kicheko hakikuwa kwenye kisanduku."

Shangazi yake Honi alikuja kumwona mgonjwa, hajui habari za lile tundu. Ni mama mwenye mapenzi mengi na subira kidogo. Alimkuta Honi amesinzia kwenye kiti, dada anakunja nguo. Akafungua mkoba, akatoa mafuta ya kuchua na plasta pana kama ukurasa, akamwinamia.

Dada akaacha nguo. "Shangazi, unafanya nini?"

"Nafunga hiki kidonda, mwanangu. Baridi inaingia. Kidonda kikiachwa wazi kitapona vipi?"

Dada yangu ni mtu wa kuongea chini kwa chini. Ndoa yao ilikuwa na sauti moja tu. Lakini siku ile alivuka chumba akamshika mkono yule mama kabla plasta haijagusa ngozi. "Usizibe! Samahani, shangazi, nisamehe sana, lakini hapo ndipo anapopumulia. Ukipaziba unamziba pua na mdomo."

"Hapo? Shingoni?"

"Lete kiganja, shangazi."

Nilimwona yule mama mzee akikiweka kiganja chake, na midomo yake ikaanza kusogea. Alikuwa anaomba. Alipokwisha kuomba aliketi sakafuni karibu na miguu ya mtoto wa kaka yake, akakaa pale mpaka Honi alipoamka, na plasta ikaishia kufunga kikapu kilichovunjika mkono.

Kisha likaja lile tukio ambalo mpaka leo sijazoea kulisimulia.

Ulikuwa msimu wa ukame, upepo mkavu, vumbi linaingia hata penye vioo. Dada alikuwa amekwenda msibani. Mimi nilikuwa kwenye cherehani na sketi ya sare, Honi yuko ndani amelala. Sikusikia chochote, na hilo ndilo la kutisha: mtu kama huyo akipata shida haiti. Kilichonishtua ni ngumi kwenye ukuta. Nikainua kichwa, nikamwona amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu, kifua kinavuta na hakipati. Pumzi ilikuwa inapiga filimbi nyembamba. Kisha filimbi ikakatika.

Nikamkalisha. Nikamvua kitambaa. Ndani ya tundu niliona kitu cheusi kilichokauka, ute uliogeuka kama gamba, umekaa kama kizibo kwenye chupa. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nikapiga kelele, na majirani wakaingia: mmoja na feni ya mkono akimpepea uso, mwingine na kikombe cha maji anataka kumnywesha. Na dereva wa lori wa nyumba ya nyuma, mtu mwema aliyewahi kufunzwa huduma ya kwanza, akamshika kidevu, akamwinua kichwa, akaanza kuinamia mdomo wake.

"Siyo huko!" nikapiga kelele. "Shingoni! Anapumulia shingoni! Mwache ainame, na mtu akatafute gari!"

Dereva alirudi nyuma kama aliyeungua, akatoka mbio kwenda kuwasha gari. Chupa ya maji ya chumvi ilikuwa rafuni. Nikadondosha matone kwenye lile tundu, mkono mmoja umemshika bega, nikamwambia, "Kohoa, shemeji. Inama. Kohoa." Akakohoa, hewa kidogo mno. Nikaongeza matone. "Tena." Nilikuwa naongea kwa sauti ya Sista, kama nimeiazima. Sikuingiza kidole wala kijiti, maana alitukataza. Matone tena. Akainama mpaka paji la uso likagusa goti, akakusanya kila kilichobaki kifuani, akasukuma.

Lile gamba liliruka likaenda kutua juu ya sketi ya sare. Na hewa ikaingia.

Nimesikia kengele, nimesikia mvua ya kwanza kwenye bati, nimesikia vilio vya watoto wanaozaliwa. Sijasikia mlio mkubwa kama ule wa hewa ikiingia kwenye shingo ya shemeji yangu. Aliyekuwa na kikombe alikiweka mezani kwa uangalifu, kama tuko kwenye nyumba ya ibada. Rangi ikarudi kwenye midomo, kidogo, kisha nyingi. Yule dereva alirudi mlangoni na funguo mkononi, akamwona, akakaa chini pale pale kizingitini.

Tulimpeleka hospitali hata hivyo. Wakamsafisha vizuri, wakampima, wakasema hewa ya kwetu imekauka mno, tuongeze unyevu na matone mpaka mvua zije. Sista alitusikiliza mpaka mwisho. Hakunisifu. Alishika mikono yangu yote miwili kwa ile yake mikubwa, akaitazama kama anayeangalia kitu alichokipanda. Jioni ile ile dereva alikuja na mkewe kuomba afundishwe, na baada yake wakaja wengine, mpaka mtaa wetu mzima ukajua.

Katika safari ile ile ya hospitali ndipo Sista alipomkutanisha Honi na muuza mikate mmoja aliyekuwa na kitambaa shingoni kama yeye. Yule bwana alituamkia. Nilidhani nimesikia vibaya. Hakuwa na kisanduku, kama Honi, na aliongea! Sauti ilikuwa nzito, ya chini, kama inatoka ndani ya mtungi. Alieleza kwamba anameza hewa kidogo kisha anaicheua, na koo linaitikisa, na ulimi unaikata kuwa maneno. "Mtoto akicheua anapigwa," alisema. "Mimi nikicheua nauza mikate." Honi alikuwa amemkodolea macho, hakupepesa.

Akawa mwanafunzi wake. Anza na herufi ngumu, mwalimu alimwambia. Pa, ta, ka, hizo zinabana hewa. Nyumba yetu ikajaa vicheuo. Miezi ilipita ya pa na ta, na siku nyingine alikata tamaa akaandika kwenye plaiwudi, SIWEZI, akaigeuza, akaandika upande wa pili, KESHO.

Neno lilikuja mchana mmoja, bila kutangazwa. Dada alikuwa mlangoni mwa jikoni anabishana nami kama tuwashe moto sasa au baadaye. Nyuma yetu kitu kikasema, "Pika."

Tukageuka. Hakuna mtu mwingine chumbani. Honi ameketi na mkono kifuani, ameshangaa kuliko sisi.

"Umesema nini?" dada akanong'ona.

Akameza hewa. "Pika."

Dada akashika kiuno. "Yaani muda wote huu umekaa kimya, namsubiri mume wangu aseme nami, na neno la kwanza ni kuniamuru nipike?" Halafu akaketi pale pale alipokuwa, akajifunika uso kwa kanga, na Honi akaenda akakaa sakafuni karibu naye. Niliwasha moto mimi.

Siku hizi anaongea sentensi fupi, na huchagua maneno, kitu ambacho hakuna aliyemjua zamani angekitarajia. Kwenye zege na vumbi jingi hakurudi. Anachukua kazi ndogo za mtaani, anasimamia vijana wawili wanaojenga kuta na vyoo, kitambaa kilicholowa maji shingoni. Akitaka kuwaita anagonga koleo kwenye toroli. Vijana wanamsogelea karibu ili wasikie, na nimegundua kwamba mtu anayesogelewa hivyo hupata kusikilizwa vizuri.

Juzi alikuwa anajenga ukuta wa jirani. Msichana mdogo wa nyumba hiyo alisimama muda mrefu akitazama shingo yake inavyovuta kitambaa na kukiachia. Mama yake akataka kumwondoa kwa aibu. Honi akamzuia kwa mkono.

"Babu," mtoto akasema, "unapumuaje?"

Akaweka mwiko chini. Akameza hewa. "Kama wewe," akasema. "Ila mimi, njia ya mkato."

Mtoto akafikiri. Akajigusa shingo yake, akajigusa pua, akavuta hewa kwa nguvu, akaiachia, akavuta tena, macho yamemtoka, kama aliyegundua kitu kwenye mfuko wake mwenyewe. Kisha akakimbia kuwaambia wenzake. Honi akachukua tofali, akalipaka udongo, akalilaza, akaligonga mara mbili kwa mpini, akapima kama limenyooka.